Pikipiki Ndefu ya Mume Wangu

Mume wangu akikaa ni mrefu, akisimama ni mfupi. Sisemi kwa ubaya; mgongo ulichukua kimo chote, miguu ikaachiwa mabaki. Kwa hiyo siku alipoingia uani na pikipiki ya safari ndefu, nilimwangalia miguu kwanza, pikipiki baadaye.

Yenyewe ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Saizi ya kati: si lile dubwana la kuinuliwa na watu wawili, wala si kile kipikipiki chetu cha kupelekea wateja kazi zao. Tairi la mbele kubwa na jembamba, shokomzoba ndefu za kumeza mashimo, bamba la chuma chini ya injini, kioo cha kukinga upepo unachokipandisha na kukishusha upendavyo. Tangi lake lilikuwa la kukufikisha mbali. Pembeni yalining'inia maboksi mawili.

"Moja lako, moja langu," alisema. "Tunakwenda kwa dada yako, ng'ambo ya milima."

Moyo uliniruka. Mimi ni fundi wa viti, wa magari na wa pikipiki. Miaka nenda miaka rudi nimewashonea watu wanaokwenda mahali, nami nabaki mezani na mkasi. Safari ile niliitaka kuliko nilivyokuwa tayari kukiri mbele yake.

Ila pikipiki za namna ile zimeinuliwa makusudi zisigonge mawe, na mume wangu aliifikia ardhi kwa ncha za vidole tu. Kwenye taa za barabarani akasimama, akaitafuta lami kwa mguu wa kushoto, asiipate. Wakalala wote wawili, yeye na pikipiki, taratibu, mbele ya foleni nzima. Hakuumia popote, ila aibu ilimjaa. Alirudi nyumbani, akampigia simu kaka yangu, kinyozi mwenye miguu mirefu kupita kiasi, aje Jumapili kuinunua.

"Huuzi kitu," nikamwambia. "Nipe kiti."

Nikakifungua, nikakivua ngozi, nikashika kisu. Watu hudhani ni kupunguza kimo tu, kumbe upana wa mbele ndio unaotanua mapaja, miguu isifike chini. Nikakata kingo, nikakwangua sponji, nikakirudisha mahali pake, nikapanda kujaribu, nikashuka, nikakata tena. Ndivyo nifanyavyo kazi: mteja hana subira ya kungoja sponji, basi najaribu kwa makalio yangu mwenyewe, halafu nakisia yake. Safari hii sehemu ya kukisia ilinitoka kichwani. Nilikata mpaka nikasikia raha, nikashona, na mchana kutwa nilikuwa naimba.

Jumapili asubuhi mume wangu akapanda. Kiti kikamtelezesha nyuma, kwenye kibonde nilichokichimba. Mikono ikamnyooka kuufuata usukani, na ardhi ikawa mbali vilevile.

"Mke wangu, hiki umemkatia nani?"

Uso uliniwaka moto, maana jibu nilikuwa nimelijua alipokaa tu.

Kaka akaingia, kofia ngumu kwapani, meno yote nje. "Pole, shemeji. Kuna watu wameumbiwa magari."

"Na wewe umeumbiwa kubadilisha balbu bila ngazi," mume wangu akamjibu.

Kaka akapanda. Magoti yakampanda hadi karibu na viwiko. "Dada, umeiharibu. Sponji la zamani lipo?"

Hapo hasira zikanipanda. Kazi yangu haisemwi na mtu aliyekaa juu yake. "Shuka," nikamwambia. "Nipe na hiyo kofia."

Leseni ninayo, kile kipikipiki chetu nimekiendesha miaka yote. Lakini kwa hii mpya hakuna aliyeniwazia, hata mimi mwenyewe. Nikakaa. Nyayo zote mbili zikagusa chini. Nikaiwasha, nikaiachia klachi polepole, nikatoka getini.

Mwisho wa mtaa lami inaisha na changarawe inaanza. Nikasimama kwenye vikanyagio kama nilivyowaona wateja wangu wakifanya, na mashimo yakapita chini yangu bila kunitingisha. Nilicheka peke yangu ndani ya kofia.

Nikarudi, nikasimama uani, miguu chini. Ndipo woga ukanijia. Aliyekuwa ameiota pikipiki hii ni yeye. Nikimwambia nasikia nini, huenda nikamvunja moyo. Nikinyamaza, kaka anaondoka nayo.

Mume wangu akaizunguka, akaziangalia nyayo zangu zilivyotulia.

"Unaitaka tangu lini?"

"Tangu ulipoingia nayo. Nataka kwenda kwa dada, na nataka niendeshe mimi."

Akajikuna shingo. Kaka alikuwa ameshatoa simu alipe.

"Shemeji, irudishe mfukoni," mume wangu akasema. "Umepoteza nauli yako."

"Na kofia yangu?"

"Inabaki na dada yako. Utaikuta tukirudi."

Akaingia ndani, akatoka na kofia yake na koti langu. Miaka yote ya ndoa yetu, tukienda popote, mimi ndiye niliyekaa nyuma na kumshika kiuno. Siku ile alinivalisha koti, akanigusa begani, akaniomba nisogee mbele kidogo apate pa kukaa.