Bwana Arusi Aliyekataa Kugeuka

Wiki tatu nzima Edah alikuwa akijifunza ile dansi ya safu huko Mabanga, nyuma ya ghala la mahindi, na akina mama wa chama. Mwaka huo wa 2007 arusi bila dansi ya safu ilikuwa matanga. Na bibi arusi, Jentrix, ndiye mtoto wake wa pekee.

"Utacheza aje na mkwe yuko hapo?" nduguye Nabwile alimchokoza. "Si utakaa tu kwa kiti kama gunia."

Kwao Wabukusu mama mkwe na mkwewe hawapeani mkono wala hawatazamani usoni. Lakini Edah alikuwa amefikiria. "Dansi hii hakuna kushikana, na wote wanaangalia mbele. Yeye atakuwa safu ya kwanza, mimi ya mwisho. Ubaya uko wapi?"

Basi siku ikafika, wakajaa kwenye hema huko Kitale. Muziki ulipoanza, Hiram, bwana arusi, alisimama mbele kabisa na Jentrix. Edah akajipanga nyuma. Hatua nne kulia, nne kushoto, kofi moja, inama. Miguu yake ilikuwa myepesi kama ya msichana.

Kisha watu wote wakageuka.

Hapo ndipo alipojua kosa lake. Kule Mabanga walikuwa wanane kwa safu moja. Mtu akigeuka, nyuma yake ni ukuta wa ghala. Hapa, wa mwisho amekuwa wa kwanza, na mkwe yuko nyuma, na hatua inayofuata ni ya kutikisa kiuno. Akiondoka, arusi ya mtoto imempita. Akibaki, Bungoma nzima itakuwa na habari kabla ya Jumatatu.

Kicheko kikalipuka hemani. Wameniona, Edah akawaza.

"Si wewe," Nabwile akamwambia kutoka kitini, akijifuta machozi ya kucheka. "Ni huyu mkwe wako. Ati wote wamegeuka, yeye amebaki vilevile. Anagongana na bibi yake kama ng'ombe kipofu. Bana, kijana hajui dansi."

Edah hakugeuza shingo. Alikaza macho mlangoni mwa hema, akavuta pumzi, akatikisa kiuno chote alichopewa na Mungu.

Mwezi uliofuata kanda ya video ya arusi ilifika Mabanga. Sebule ikajaa, chai ikamiminwa, na kila ikifika sehemu ile watu walivunjika mbavu: mahari yote ile, kumbe wamemwoza binti kwa mtu wa miguu miwili ya kushoto.

"Rudisha tena," Edah akasema.

Wakarudisha. Mbele, yeye mwenyewe, anacheza. Mwisho kabisa, mgongo wa Hiram umeelekea mgongo wake. Wakati wa kuinama, wote wawili waliinama pamoja, na hakuna aliyekosa hatua hata moja.

"Tena," akasema.