Ng'ombe Asiyekaa kwenye Lebo

Jumatatu asubuhi Agatha alikuwa amechuchumaa kibarazani kwake, Magomeni ya Kilosa, akitoa chupa za mtindi kwenye deli la barafu na kuzipangusa kwa kanga kuukuu. Jina la mtindi lilikuwepo kwenye lebo. Namba ya simu ilikuwepo, na nyasi za kijani zilikuwepo. Ng'ombe hakuwepo. Mahali aliposimama jana palibaki peupe, pana umbo lake, pembe mpaka mkia.

"Kaondoka tena," akasema, akaendelea kupangusa.

Kuondoka kwenyewe si kulikomkera. Lililomkera lilikuwa Mikumi. Hoteli moja ya wageni wanaokuja kutazama wanyama ilikubali kuchukua mtindi wake kila wiki, na kwa ajili ya oda hiyo Agatha aliacha kuuza mitumba minadani. Oda ikikatika, anarudi kupanga nguo kwenye matope, na mgongo wake si ule wa zamani. Brightness, msimamizi wa jiko la hoteli, alikuwa na sharti moja tu: lebo ifike nzima.

"Dada Agatha," alimwambia kwenye simu, "chupa nyeupe haina picha, mgeni si atadhani ni dawa ya choo? Nakupenda, lakini si kiasi hicho. Nakupa nafasi moja."

Ndipo Agatha akaenda kwa Cosmas, mwenye duka la kuchapa karibu na stesheni, aliyerudi kutoka Morogoro na mashine chache na maneno mengi. Cosmas aliishika lebo, akaitazama juani.

"Hii ni printa ya wino wa maji, halafu kwenye karatasi. Chupa ikitoka jasho, wino unalegea. Ng'ombe gani angekaa hapo? Hata mimi ningetoka."

"Basi nichapie atakayekaa."

Akamchapia kwa leza, ile ya wino wa unga unaookwa kwa joto, juu ya stika ya plastiki. Maji hayakuifanya kitu. Ng'ombe akakaa mchana kutwa akila zile nyasi. Jua lilipoanza kushuka, saa ya mifugo kurudi zizini, akajibandua chupa hii, akajibandua na ile. Wakateremka kwa mguu wa meza, kila mmoja urefu wa kidole gumba, wakashika njia ya bondeni kwa mstari mmoja, wakipisha bodaboda.

Wakajaribu mashine ya joto, ile inayochapa tarehe kwenye paketi. Hiyo ina nyeusi tupu. Ng'ombe akatoka kama doa la mkaa. Huyo hakwenda popote, lakini mpaka uambiwe kuwa ni ng'ombe. Brightness alipotumiwa picha alijibu kwa alama ya kuuliza.

Siku hiyohiyo alifika Koinet, mzee wa Kimasai mwenye boma kule bondeni. Alibeba mfuko wa sandarusi aliotoboa matundu ya hewa.

"Shikamoo mzee," Agatha akasema.

"Marahaba, binti. Nimekuletea mali yako." Ndani ya mfuko ng'ombe wa lebo walikuwa wamelala, wakicheua. "Wanaingia bomani kwangu kila jioni. Mke wangu amewakamua, wamejaza kizibo cha soda. Lakini ng'ombe wa mtu akiingia kwangu, namrudisha. Mmasai akionekana na ng'ombe asiye wake, hata awe wa plastiki, habari yake mnaijua."

"Asante mzee. Karibu mtindi."

"Nitakunywa. Nanyokie hajambo?"

Nanyokie ndiye ng'ombe mwenyewe, yule mwekundu aliyefungwa bandani nyuma ya nyumba, aliyepigwa picha ya lebo. Alikuwa wa Koinet. Msimu wa mahindi aliingia shamba la mtu, akakamatwa, na wakubwa wa kijiji kimoja wakampiga mnada huku Koinet akiwa bado njiani kwenda kulipa faini. Agatha alikuwa pale na mitumba yake. Akanunua, akapewa risiti yenye mhuri.

"Hajambo," akasema. "Ila mzee, mimi nina risiti."

"Najua. Hawa wadogo hawana risiti, na nimewarudisha. Huyo mkubwa nilidhani tungezungumza."

"Tuzungumze nini, mzee wangu? Nikikupa huyo, watu wa Mikumi niwapelekee mtindi wa nani?"

Koinet alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. Akasema hajui. Akanywa mtindi, akaaga. Wale wadogo Agatha aliwafungulia mfuko bandani, karibu na Nanyokie. Jioni wakaondoka tena.

"Sasa hiyo ni kazi ya flekso," Cosmas alimwambia. "Hapa hatuna, naagiza Dar. Picha inachongwa kwenye bamba la mpira, linazunguka, linachapa roli nzima. Chini plastiki, juu plastiki, ng'ombe katikati, hana pa kupitia. Ila hawachapi kidogo, na bamba likishachongwa hubadilishi. Una uhakika ng'ombe ni wako?"

"Nina risiti."

"Sikuuliza hiyo," Cosmas akasema, huku akiagiza.

Roli ilipofika, Agatha alibandika lebo, akakaa mbele ya chupa kusubiri jioni. Jua liliposhuka ng'ombe waliinua vichwa, wakageuka wote kuelekea bondeni. Wakasukuma. Plastiki ikavimba kama lengelenge, ikarudi. Wakatulia. Tangu hapo wateja waliona makalio na mkia. Brightness alisema wageni wanapenda hivyohivyo. Chupa uiweke upande wowote, ng'ombe anageuka kuangalia Kilosa, na madereva wa watalii walishaanza kubeba moja moja wasipotee hifadhini.

Koinet alikuja tena, mikono mitupu, kwa kuwa hakuna aliyeingia bomani. Agatha akampa shikamoo, akampa stuli, akampa chupa. Mzee alikunywa polepole mpaka ikaisha. Kisha akaanza kuibandua lebo kwa ukucha, kuanzia pembeni, kwa upole, kama anayemtoa ng'ombe kupe sikioni. Ng'ombe akageuka, akamtazama. Lebo haikubanduka. Akajaribu kona nyingine.

Agatha alimwangalia kutoka mlangoni bila kumharakisha. Koinet alipoirudisha chupa mezani, yeye akampigia Cosmas simu kumwambia gundi imekubali, aagize roli nyingine.