Kesi ya Kifyeko

Jamani, mtu mzima na heshima zangu, fundi friji ninayetegemewa na bucha na maduka ya dawa, sikutarajia kwamba ipo siku nitakosa raha kwa ajili ya mnyama asiyekuwepo duniani. Lakini ndiyo yaliyonikuta. Mnyama mwenyewe anaitwa Kifyeko, ana umbo la nguchiro na mkia kama mundu, na anaishi ndani ya televisheni iliyo juu ya friza mbovu katika karakana yangu.

Kila Jumamosi mchana nasitisha kazi, nasukuma majokofu ya watu ukutani, napanga viti vya plastiki, na wenzangu wa ligi wanakuja kupiganisha madubwana ya mchezo wa video. Kila mchezaji ana kikosi chake. Mnapigana kwa zamu, huyu akianguka unaingiza mwingine, mpaka kikosi cha mmoja wenu kiishe. Msiuone mchezo wa watoto, ule ni wa kufikiri. Mechi nzuri inachukua muda mpaka chai inapoa vikombeni, huku watazamaji wakishika vichwa, wakibishana na kutukanana kwa mapenzi.

Sasa Kifyeko. Kwanza ana mbio, lazima apige yeye kabla hujavuta pumzi. Halafu akikupiga, umepigwa kweli. Na kana kwamba hayo hayatoshi, waliomtengeneza, sijui walikuwa wamekunywa nini siku hiyo, wakampa na hili: kila akiangusha dubwana mmoja, nguvu zake zinaongezeka. Akikuangushia wa kwanza, bado una matumaini kidogo. Akikuangushia wa pili, kusanya virago uende zako nyumbani.

Ligi yetu ina waamuzi watatu: mimi, Mwalimu wa hesabu, na Kinyozi mwenye duka mtaa wa pili. Dubwana akilalamikiwa, tunaketi kesi. Yule anayemtumia kuliko wote anawekwa kiti mbele yetu, na kura tunazipiga kwa mdomo, tukimtazama usoni. Tena lazima wote watatu tukubaliane ndipo dubwana afungiwe, asichezwe tena. Mmoja tu akikataa, anabaki. Sheria hiyo niliileta mimi, kwa kuwa Kinyozi akipigwa Jumamosi hii, Jumamosi ijayo anataka aliyempiga afungiwe. Siku ile niliona nimefanya la maana sana. Laiti ningejua, ningefunga mdomo wangu.

Maana anayemtumia Kifyeko kuliko wote ni mama mkwe wangu.

Ndiyo, mama mzaa mke. Mkunga mstaafu, mwanamke ambaye nikipita mbele yake nainamisha kichwa. Alikuja kukaa kwetu baada ya baba mkwe kufariki, na kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kukaa dirishani. Hataki televisheni, hataki wageni, hata kugombana na bintiye hataki, na hilo ndilo lililotutia hofu. Basi Jumamosi moja mke wangu akaniambia, "Nenda naye karakana, abadilishe hewa." Nikaona aibu isiyo na mfano. Nimpeleke mkwe kwenye kelele zile? Nikampeleka.

Akakaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kimya. Mechi ilipokwisha akauliza, "Yule wa kijani, mbona hakutolewa mapema?" Watu wote wakageuka. Alikuwa amesema kweli tupu. Wiki iliyofuata akashika pedi ya kuchezea mwenyewe. Akapigwa na kila mtu, na kila mtu akavuta kiti kumfundisha: huyu anamwambia bonyeza hapa, yule anamwambia usimsikilize huyo, na yeye anawakaripia wote kama wauguzi wa zamu. Jioni yake nikamsikia jikoni akimsimulia bintiye mechi nzima, wakicheka. Mke wangu akanitazama juu ya sufuria, macho yamemjaa machozi.

Halafu akampata Kifyeko. Nani alimwonyesha sijui. Namshuku Kinyozi, ingawa anaapa kwa wembe wake.

Kuanzia hapo, balaa. Mpinzani anakaa, hajajiweka sawa kwenye kiti, Kifyeko ameshaingia, fyek, fyek, kwisha habari. Mama anasema kwa ile sauti ya kliniki, "Asante, mwanangu. Anayefuata?" Watu wakaanza kukubali kushindwa wakimwona tu Kifyeko anatokeza mkia. Wengine nao wakamchukua, ikawa Kifyeko kwa Kifyeko, anayetangulia kupiga ndiye mshindi. Sasa huo ni mchezo au ni kupiga chafya? Malalamiko yakaletwa, kesi ikapangwa.

Asubuhi ya kesi nikiwa nafunga kamba za viatu, mke wangu akasimama mlangoni.

"Ukimnyang'anya mama yule mnyama, atarudi kule kwake akakae peke yake. Ameshaniambia. Anasema kama hatakiwi karakana, na huku hana la kufanya. Umenisikia?"

"Mke wangu, hii ni kazi ya uamuzi, ina taratibu zake..."

"Nimekuuliza umenisikia?"

Nilisikia.

Mama mkwe akaketi kwenye kiti cha mbele, amevaa kitenge chake cha kutokea. Mwalimu akaanza. Mwalimu akieleza jambo utadhani ana chaki mkononi. "Suala si kwamba Kifyeko anaangusha watu," alisema. "Washambuliaji wote wanaangusha watu, ndiyo kazi yao. Tunachojiuliza ni hiki: kuna anayeweza kumzuia bila kuharibu kikosi chake kizima? Mimi nimejaribu wote. Hakuna. Nasema afungiwe."

"Lakini ngozi yake laini," nikasema. "Ukimgusa anakufa."

"Utamgusa saa ngapi?" akaniuliza Mwalimu.

Nikamgeukia Kinyozi.

Kinyozi hakuchelewa. "Afungiwe jana," alisema. "Samahani mama, nakuheshimu, lakini mimi nimeanza kumwota."

Wakanigeukia. Nikamtazama mama mkwe. "Mama, una neno?"

"Amueni tu, mkwe wangu. Mimi sina neno."

Nyie mnaojua wanawake wa aina ile, mnajua "sina neno" ina uzito gani. Na ukweli wote nilikuwa nao. Ukweli ulikuwa Mwalimu amesema sawa kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Nimeamua kesi za madubwana wengi, sijawahi kuona iliyo nyepesi kama ile. Nikafungua mdomo na kuanza kuropoka: eti kuna Gogo, lile dubwana zito kama pipa, eti mtu akilitunza vizuri linaweza kustahimili pigo la kwanza, eti tusiwe na haraka, tujifunze kwanza. Gogo! Kinyozi akapiga kelele, "Gogo linastahimili moja, la pili atastahimili nani, wewe?"

"Kura yangu, abaki," nikasema.

Mwalimu hakubisha. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, na akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili mtihani. Ningependa anitukane. Mama mkwe akachukua pedi, akasema, "Haya, anayefuata?"

Nyumbani nikapakuliwa chakula cha kushiba. Mke wangu akaniita mume wa maana. Nami nikajidanganya kwamba mambo yamekwisha.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu akatuma ujumbe kwamba ana madaftari ya kusahihisha. Mwenzetu mwingine, fundi wa vioo, hakuja wala hakusema. Vijana wawili wa stoo ya saruji, nao wa ligi, wakaja, wakafyekwa, wakaondoka chai haijachemka. Kinyozi akaja mara moja zaidi, akanivuta pembeni nyuma ya friji ya bucha. "Rafiki yangu, mimi nakuja hapa kukaa na watu. Sasa hivi nakaa foleni ya kuchinjwa. Mfungie, au nisamehe." Nikamwambia asitie chumvi. Akachukua kofia yake.

Basi ikafika Jumamosi ambayo nilipanga viti vyote kama kawaida, nikawasha televisheni, nikatenga birika, tukakaa mimi na mkwe wangu. Tukangoja. Feni inazunguka. Nje mtu akapita, nikanyanyuka, kumbe anauliza kama natengeneza pasi. Nilikuwa na hasira mpaka mikono inaniwasha, na sikujua nimkasirikie nani: wale waliosusa, mke wangu, mtengenezaji wa Kifyeko, au huyu bwana mkubwa anayejiita mwamuzi.

"Tucheze sisi," mama akasema.

Tukacheza. Nilimwingiza Gogo, kwa ukaidi tu. Fyek, fyek. Kwisha.

"Asante, mkwe wangu. Anayefuata?" Akageuka. Viti vilikuwa vitupu, vimepangwa vizuri. Akageuka tena kwangu. "Wenzio wako wapi leo?"

"Nadhani wamepata dharura."

"Wote?"

"Siku hizi dharura nyingi, mama."

Akaweka pedi mapajani. "Mkwe wangu, nimekaa wodi ya wazazi maisha yangu yote. Mwanamume akinidanganya pale mlangoni, namjua kwa masikio yake. Yako yamesimama. Watu wako wapi?"

Nikachoka. Nikachoka kabisa na kujibaraguza. "Wamekimbia, mama. Wamemkimbia Kifyeko. Hawawezi kuvaa, kupanda gari, kuja mpaka hapa, wafyekwe kabla hawajakaa, warudi nyumbani. Hawarudi tena."

"Ulijua itakuwa hivi?"

"Nilijua siku ile ile ya kesi."

"Na ukasema abaki."

"Nilisema abaki."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utarudi kule kwako ukakae peke yako."

Mama mkwe akavitazama vile viti, kimoja kimoja, polepole, kama anayehesabu vitanda vya wodi. Sijawahi kumwona na uso ule, hata msibani.

"Na hapa," akaniuliza, "nimekaa na nani?"

Niliona aibu, aibu ya kweli, siyo ile ya kumleta mkwe kwenye kelele. Ningezipata kelele zile saa hiyo ningezinunua.

"Mpigie Kinyozi."

"Mama, yule amekasirika, hawezi..."

"Mpigie."

Nikampigia, nikaweka sauti kubwa. Simu ikapokelewa, mashine ya kunyolea inanguruma nyuma yake. "Ukinitajia Kifyeko nakata," akasema, hata salamu hakuna.

Mama mkwe akanyoosha mkono, akaichukua simu. "Mwanangu, ni mimi."

Mashine ikazimwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kifyeko nimemfungia."

"Eh? Waamuzi wameketi lini?"

"Waamuzi sijawauliza. Nimemfungia mimi." Sauti ilikuwa ile ile ya kliniki. "Sasa niambie ukweli, nisikae hapa nakungoja bure. Utakuja, au hata bila yeye hunitaki?"

Kinyozi, mtu ambaye hata msibani hunyamazishwa, akakohoa tu. Kisha tukamsikia, mbali kidogo na simu, akimwambia mteja aliyekuwa kitini: "Kaka, niwie radhi sana. Huo upande uliobaki nitakumalizia kesho."