Tunu wa Baba

Mzee aliinywa dawa bila ubishi, na hilo peke yake lingemshtua binti yake kama asingekuwa na haraka. Siku zote kumnywesha dawa mzee huyu ni vita. Asubuhi hiyo alikaa kitako ukingoni mwa kitanda cha nyumba ya wageni, amevaa koti lake la kazi lililochakaa kola, akameza vijiko viwili, akafuta mdomo kwa mkono wa koti na kuuliza itamshika kwa muda gani.

"Saa nne, tano hivi," binti alisema. "Haikuponyi, inakizima kikohozi tu. Tukifika juu usiongee sana, na usicheke."

"Nicheke nini?"

Binti alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na chupa ile aliijua vizuri. Ni ile wanayoificha rafu ya chini kwa sababu wanafunzi huinunua ili walewe. Aliifunga, akaitia kwenye pochi, kisha akamfunga mzee vifungo vya koti mpaka shingoni. Chumba kilikuwa baridi, dirisha halifungi sawasawa, na mlima wenyewe haukuonekana kwa ukungu.

Safari hii haikuwa ya starehe, na asidanganyike mtu. Daktari alikuwa ameshaiweka picha ya mapafu kwenye taa, akawaonyesha mabaka, akazungumza habari za miezi, si miaka. Ndipo binti alipopiga moyo konde na kumuuliza baba yake swali alilolimeza kwa miaka ishirini na sita: mama alipokufa, kwa nini hukuja kumzika?

"Mambo ya kule nitayasemea kule kule," mzee alisema. "Nipeleke juu nikamwone Tunu. Nikishamwona nitakuambia yote."

Tunu alikuwa sokwe. Familia nzima ilimjua bila kumtia machoni. Baba yao alikuwa askari wa wanyamapori katika hifadhi iliyo juu kabisa mlimani, huko ambako mvuke hutoka mdomoni hata saa sita mchana, na mwaka ule mama alipougua, yeye alikuwa akilea kitoto cha sokwe kilichonasuliwa kwenye mtego wa waya kikiwa kimepoteza vidole viwili. Alikinywesha maziwa kwa chupa, akalala nacho ndani ya blanketi, hata wenzake wakampachika jina la Mzee Blanketi. Huku nyumbani mama alizikwa. Wiki tatu baadaye ikaja barua, na shangazi akaisoma kwa sauti mbele ya watu: mvua imeangusha mlima, barabara imekatika, hapapiti hata punda. Watu walitikisa vichwa, wakamwonea huruma. Shuleni watoto walikuwa na lao. Walisema baba wa binti huyu na kaka yake amehamia kwa nyani na ameshaoa huko. Kaka mtu aliwatwanga wawili, akasimamishwa masomo siku tano.

Kaka hakuwahi kuiamini ile barua. Binti aliiamini. Alikuwa na miaka tisa, na alihitaji kuamini kitu. Alichotaka sasa ni kuyasikia maneno yale kwa mdomo wa mzee mwenyewe, pamoja na pole ambayo barua haikuwa nayo, kabla mapafu hayajamaliza kazi yao. Kaka alipopigiwa simu na kuelezwa habari za safari, alisema, "Mpeleke tu. Na hao sokwe wakimtaka, mwache huko huko."

Gari la kukodi liliwafikisha maegeshoni. Kutoka hapo ni kutembea. Mwendo wa robo saa uliwachukua karibu saa nzima. Mzee alipumzika mara nne, na kila alipopumzika alijifanya anamwonyesha binti kitu, mara gome lililobanduliwa, mara kiota kilichoachwa juu ya mti. Alikuwa amemwonya asiseme yeye ni nani. Alitaka aone kama watamjua.

Hawakumjua. Getini palikuwa na meza, ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, na mwongozaji kijana aliyevaa sare iliyopigwa pasi ikanyooka. Alimwita mzee "babu", akamtafutia stuli, akampima joto. Wageni wengine wanne walikuwa wameshavaa barakoa.

"Tunu yupo?" mzee aliuliza.

"Babu, nisikudanganye. Tangu mvua zianze hatujamwona. Wafuatiliaji wametangulia toka alfajiri. Wakimpata watatuita kwa redio." Kijana alichukua karatasi na kalamu. "Sasa, kuna mwenye homa, mafua au kikohozi? Sokwe wanaambukizwa na sisi, na wao hawana hospitali."

"Hapa hakuna," binti alisema haraka, kwa niaba ya wote wawili.

"Mimi ninakohoa," mzee alisema. "Binti yangu ameninywesha dawa ya kukizima, lakini kikohozi kipo."

Wageni wanne waligeuza shingo kwa pamoja. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwongozaji naye alitafuta maneno ya heshima, akasema kwamba kwa bahati mbaya babu hataweza kupanda, na sheria yenyewe haimruhusu hata kukaa hapa ofisini, kwa sababu wafuatiliaji wanakula na kulala hapa. Itabidi asubiri kwenye gari.

"Sawa kabisa," mzee alisema. "Ndivyo inavyotakiwa." Na kwa jinsi alivyosimama ungedhani kapewa cheti.

Binti alimvuta pembeni. "Baba, nani angejua?"

"Mafua ya mtu mmoja yaliwahi kuua sita hapa. Niliwazika kwa mikono yangu."

Sita kwa mikono yake. Binti aliyapokea maneno hayo kimoyomoyo na kuyaacha yakae huko, maana angefungua mdomo angesema mengine ambayo hayasemeki mbele ya wageni. Aliuliza tu, "Na ahadi yetu?"

"Iko pale pale. Nenda ukanitazamie. Ukirudi unaniambia yuko vipi, na mimi nakuambia lako." Akageuka, akaanza kuteremka akishikilia vichaka vya kando ya njia, na hapo ndipo kikohozi kilipomjia, kikamkunja mara mbili. Dawa haikuwa imefika hata nusu ya muda wake.

Basi binti akapanda mlima kwenda kumtazama sokwe wa baba yake. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Pumzi ilikuwa fupi, kichwa kiligonga, na barakoa ilimlowa mdomoni. Mbeba mizigo mmoja alikuwa akimshika mkono penye magogo. Walikuwa wametembea saa moja na nusu waliposikia redio ya mwongozaji ikikwaruza, kisha sauti ya mtu anayehema: wamempata Tunu, yu mzima, na ana mtoto.

Mwongozaji aliruka kama aliyepata mjukuu. "Mna bahati nyinyi," aliwaambia. "Miezi miwili tumemtafuta."

Walimkuta kwenye uwazi mdogo, wakasimamishwa mbali, hatua kumi na tano. Alikuwa amekaa akimenya shina la mmea kwa meno. Alikuwa mkubwa kuliko binti alivyomfikiria siku zote, mchafu, mnene, mwenye afya tele. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Kifuani pake kitoto kimeng'ang'ania manyoya, na kila kilipoteleza alikipandisha kwa mkono ule ule mbovu bila hata kukitazama. Binti alimwonea wivu, tena bila haya. Kisha akakumbuka alichotumwa, akatoa simu, akapiga picha: uso, mkono, kitoto, mgongo. Zilikuwa kumi na moja.

"Huyu mnayemwona," mwongozaji alisema kwa sauti ya chini, sauti aliyoizoea kwa kazi hii, "yupo hai kwa sababu ya mtu mmoja. Tunamwita Mzee Blanketi. Sijamkuta kazini, ila dereva aliyenifundisha kazi alimjua. Tunu alipoletwa alikuwa na kilo tatu, akiwekwa chini analia mpaka anazimia. Mzee akawa anamfunga kifuani, miezi minne, usiku na mchana. Sasa katikati ya hapo mke wake akafariki."

Mgeni mmoja, mwanamke aliyekuja na mumewe, alisema pole, sijui akimpa nani.

"Mkuu wa hifadhi alimpa ruhusa na gari siku ile ile. Dereva huyo ndiye aliyetumwa. Aliwasha gari akasubiri pale maegeshoni karibu saa nzima. Mzee akatoka na Tunu kwenye blanketi, akasema, rudisha gari. Mke wangu ana watu wa kumzika. Huyu hana mwingine." Mwongozaji akanyamaza kidogo, kama alivyonyamaza hapo, bila shaka, kwa kila kundi. "Mapenzi gani hayo, jamani."

Yule mwanamke alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya skafu. Mumewe alisema mtu kama huyo anastahili sanamu.

"Barabara haikuwa imekatika?" binti aliuliza.

"Barabara? Hapana, dada. Kilikuwa kiangazi. Dereva alikuwa akisema siku ile vumbi lilimfuata mpaka maegeshoni."

Binti alitaka kuuliza gari lilikuwa la rangi gani. Hakujua kwa nini lilikuwa muhimu. Alitaka tu kuliona limesimama pale, linaunguruma, mlango umefunguliwa. Wakati huo kule nyumbani walikuwa wamemweka mama siku mbili wakimsubiri. Siku mbili watu wazima walikuwa wakitoka barabarani kila gari likisikika, na kila wakirudi ndani hawasemi kitu. Siku ya tatu kaka mtu, miaka kumi na minne, ndiye aliyetupa udongo wa kwanza badala ya baba yake. Na baba yake alikuwa ameshalirudisha gari likalale.

Alimwambia mwongozaji kichwa kinamuuma, na halikuwa jambo la kubuni. Kundi liliendelea kwenda kuona ziwa la kileleni. Yeye alirudishwa na mbeba mizigo, ambaye alimfikisha getini, akaaga na kupanda tena kuwawahi wenzake. Binti aliteremka peke yake hadi maegeshoni. Hakulia. Alikuwa na hasira iliyotulia kabisa.

Dereva alikuwa mbele, akisikiliza redio kwa sauti ndogo. Mzee alikuwa kiti cha nyuma, mikono mapajani, macho kwenye njia.

"Umemwona?" aliuliza kabla mlango haujafungwa.

"Tuanze na yako, baba. Uliniahidi."

Gari liliondoka. Mzee aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaigeuza tena, na kwa muda huo binti alidhani atasema. Kama angesema, hata kwa ukali, hata kwa maneno yale yale aliyomwambia dereva wa hifadhi, angempa simu hapo hapo aitazame picha moja baada ya nyingine mpaka nyumbani. Aliiweka tayari, mkono ndani ya pochi.

"Barabara ilikatika, mwanangu," mzee alisema. "Mwaka ule mvua haikuwa mvua. Mlima mzima ulishuka."

"Hakuna gari lililokuja kukuchukua?"

"Gari lingepita wapi?"

Alilisema akimtazama usoni, bila hata kupepesa. Mtu yule yule aliyeshindwa kuficha kikohozi mbele ya kijana asiyemjua, kwa ajili ya sokwe, alimtazama mtoto wake wa kumzaa na uongo ukamtoka laini.

"Haya, nimeshasema langu," mzee alisema. "Na wewe sema. Ule mkono unamsumbua? Anakula vizuri? Amenenepa au amekonda? Alikuwa peke yake?"

Tangu azaliwe binti hakuwahi kuulizwa na baba yake maswali manne kwa mpigo.

"Amekufa, baba," alisema. "Wafuatiliaji wamemkuta leo asubuhi."

Mzee alifungua kifungo cha juu cha koti, kisha cha pili, kama mtu anayetafuta hewa, halafu akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kinachotisha, mabega yakipanda na kushuka, hadi dereva akapunguza mwendo na kumwangalia kwenye kioo. Kwa mama hakulia. Miezi miwili baada ya mazishi alikuja, akasimama kaburini na kofia mkononi, akauliza nani amelijengea. Siku ya tatu akaondoka.

"Nani amemzika?" aliuliza katikati ya kwikwi.

"Sikuuliza."

"Hukupiga hata picha?"

"Hapana."

Dereva aliuliza kama asimamishe gari, mzee apate hewa kidogo. Binti alivuta zipu ya pochi mpaka mwisho, akaishika kwa mikono miwili mapajani, akamwambia aendelee tu, njia bado ni ndefu.