Gogo Lililokunywa Chai

Sanduku lilikuwa limeshatangulia, kichwani mwa Fundi Sponji, na mwenye sanduku alikuwa nyuma akiburuza kandambili na kucheka. Njia ya mkato ya stendi ilipita msituni. Upande wa pili, basi lilikuwa likisubiri kumpeleka Bi Uzi kwa mwanawe, akaishi huko moja kwa moja.

"Umetia nini humu? Cherehani?"

"Na pasi. Shingo hiyo isiwe ya kubebea maneno tu."

Bi Uzi alikuwa fundi cherehani, mjane. Sponji, naye kafiwa na mke, alishona makochi kibanda cha pili yake. Miaka nenda miaka rudi walikuwa wakigombea kivuli kimoja na kutaniana. Mtaa mzima ulijua anampenda, ila hakuna aliyemwamini kwa lolote, maana alikuwa mwongo wa kufurahisha: eti aliwahi kumkaba chatu kwa futi kamba. Jana yake, Bi Uzi akifunga virago, Sponji akaropoka kwamba marehemu mama yake alikuwa akichuma masikio kwenye magogo kila mvua inyeshapo.

"Mti uote masikio!" Bi Uzi alishika mbavu. "Uongo huu hata mbuzi hali."

"Uyoga huo, wa umbo la sikio. Kesho nikikuonyesha msituni, utabaki tuoane?"

"Nionyeshe, mzee wangu, nabaki. Ukishindwa, nipungie mkono, tena usilie."

Basi Sponji akawa anakagua kila mti uliolala, sanduku likimyumbisha kama mlevi. Alipata uyoga mdogo mweupe; Bi Uzi akasema hilo jino. Alipata mwingine mgumu kama kigae, "hiyo kwato." Kila kosa walicheka hadi kushikana. Lakini kicheko cha Sponji kilikuwa kikipungua chini kwa chini, kwa kuwa miti nayo ilikuwa ikipungua, na honi ya basi ilishaanza kusikika.

Wakaketi kwenye gogo la mwisho. Lilikuwa limejaa vitu vyeusi, vikavu, vimekunjamana kama soli ya kiatu kilichosahauliwa juani. Sponji akakikwangua kimoja kwa ukucha.

"Takataka."

Bi Uzi akafungua chupa ya chai, wakanywa kwa zamu kikombe kimoja.

"Sema tu mama yako alichuma matango."

"Mama muache. Hakusema uongo hata siku moja. Mimi nimerithi kwa baba."

Bi Uzi akacheka, akaimwaga chai iliyobaki juu ya gogo na kufunga chupa. "Haya, tuondoke. Basi halina mchumba wa kumsubiri."

Sponji hakuinuka. "Kibanda chako kitakuwa kitupu," alisema. "Nitamdanganya nani?"

Bi Uzi akakaa tena. Wakabishana nani ataonewa na upweke zaidi, nani alimzoesha nani, hata chai ikapoa ndani ya gogo. Mara Bi Uzi akaruka.

"Sponji! Gogo linanishika!"

Pale alipoegemeza mkono, zile takataka zilikuwa zimevimba: za kahawia, laini, zimepinda na kujikunja kwa ndani, ukoo mzima wa masikio.

"Ndiyo haya!" Sponji alirukaruka. "Sikuwahi kuyaona makavu! Ndiyo haya, wallahi!"

"Taratibu. Jani nalo hujikunja."

"Wewe si mtu wa vitambaa? Pima."

Bi Uzi akafinya moja, huku mkono wa pili ukishika sikio lake mwenyewe ili alinganishe. Lilinywea, likarudi vilevile. Mgongoni lilikuwa na vinyweleo vya kuhisika kwa vidole tu, si vya kuonekana kwa macho.

"Nyuma mahameli," alisema polepole, "ndani satini." Kisha akainama, akalipigia kelele gogo: "Mmesikia nyote? Mzee kasema kweli!"

Walicheka mpaka basi likapiga honi ya mwisho, nao wakapungia upande ule.

"Chai yangu mwenyewe imeniponza. Beba sanduku."

Basi liliondoka na kiti kimoja kitupu. Mwana wa Bi Uzi alinuna, halafu akaja kwenye ndoa. Muuza mboga aliutambua uyoga ule mara moja, akaagiza uchemshwe vizuri. Haukuwa na ladha, hawakuupika tena. Vibanda viwili vilivunjwa ukuta wa kati. Sponji aliendelea kusema uongo mpaka alipofariki. Bi Uzi bado anashona. Gogo lilichanjwa kuni.