Meli Isiyogusa Maji

Watu wa kijiji cha Ole, mbali na pwani, ni watu wa karafuu na muhogo. Bahari wanaijua kwa samaki anayewafikia juu ya baiskeli, tena akiwa keshalegea. Ndiyo maana Kificho aliporudi kutoka bara na habari za meli inayokwenda hewani, hakutokea mtu kijijini wa kumwuliza swali la pili.

Mwanamize angemwuliza. Yeye alizaliwa Fundo, kisiwa kilicho mbele ya Wete, na Ole aliletwa na ndoa. Lakini Kificho alipokuwa akisimulia, Mwanamize alikuwa kisimani, na alipofika nyumbani mambo yalikuwa yameshaamuliwa.

"Mumeo yu hai," Bi Kazija, mavyaa wake, alimpokea mlangoni. "Tua ndoo."

Ilikuwa siku mbili tu tangu ije barua. Silima, mumewe Mwanamize na mtoto pekee wa Bi Kazija, alikuwa na mwaka wa tatu Mwanza, baharia wa meli ndogo iliyokuwa ikichukua pamba katika Ziwa Nyanza. Barua ilisema meli ilikutwa na dhoruba katikati ya ziwa, haikuonekana tena, wala hakuonekana mtu wake hata mmoja. Mwalim Bakar wa skuli aliisoma mara mbili. Bi Kazija alimwambia asome ya tatu, kisha akaikunja, akaitia chini ya mto, akakataa kutandika mkeka wa matanga.

Na sasa huyu hapa Kificho, jirani wa ukuta kwa ukuta, mchukuzi wa bandarini kule kule Mwanza, ameshuka na sanduku la bati na maneno haya: kwamba asubuhi moja, wiki ile ile ya dhoruba, yeye na wachukuzi wenziwe waliiona meli kwa mbali ikipita juu ya ziwa bila ya kugusa maji. Chini yake hewa tupu. Juu yake kasimama mtu mwenye kofia nyeupe.

"Kasimama vipi?" Bi Kazija aliuliza.

"Kasimama... kama mtu."

"Kaweka mkono kiunoni?"

"Huenda."

"Silima huyo!"

Wakaenda Wete kwa Shehe, mzee aliyekuwa akiamua mambo ya ndoa na mirathi. Shehe alimsikiliza Kificho, akamsikiliza Bi Kazija, akafikicha macho kwa kidole. Meli za hewani yeye hazijui, alisema, lakini mama anadai mwanawe yu hai na amekuja na shahidi. Hawezi kuhukumu kwamba mtu amekufa juu ya ubishi huo. Basi Silima atahesabiwa kuwa amepotea, na mkewe atamngoja miaka minne.

Mwanamize alirudi Ole akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, si mke wala si mjane. Kukaa eda hakuruhusiwa, kwani eda ya nani? Khitma haikusomwa. Akilia, hata jikoni, mavyaa wake alikuja mbio: "Unamlilia nani? Unataka kumtilia mwanangu mkosi?" Mtu akisahau akasema "marehemu Silima", Bi Kazija alimjibu pale pale: "Marehemu babu yako!"

Bi Kazija hakuwa mtu mbaya. Alimgawia Mwanamize kichwa cha samaki, kitu ambacho hajampa mtu maishani mwake. Lakini hakumpa ruhusa ya kumzika mumewe, na hicho ndicho kitu pekee Mwanamize alichokitaka.

Mwaka ukapita na miezi miwili juu yake. Msimu wa karafuu ukaingia, na mchana mmoja walikuwa wamekaa barazani kwa Bi Kazija wakichambua, karafuu upande huu, vikonyo upande ule. Kificho alikuwa ameshachoka na kazi, akaanza hadithi yake, kama ilivyo ada. Ile meli ilikuwa imekua sana mwaka huo. Ilipata taa, ikapata bomba la pili.

"Na chini yake," Kificho akasema, "meli nyengine."

Vidole vya Mwanamize vikasimama. "Nyengine ipi?"

"Ya pili yake, imepinduka kichwa chini. Bomba linatazama ziwani. Zimegusana matumbo, namna hii." Akabandika kiganja juu ya kiganja.

"Hili hukulisema mbele ya Shehe."

"Niliona haya. Meli moja hewani watu wanakubali. Mbili, yakhe, wataniita mlevi."

Mwanamize akaendelea kuchambua, lakini karafuu zilikuwa zikienda upande wa vikonyo. Kitu hicho alikuwa akikijua tangu hajaanza kufunga saumu. Kwao Fundo, maji yakikupwa mchana wa jua kali na mchanga ukabaki unafuka joto, visiwa vya mbali hung'oka baharini vikabaki vinaning'inia, na mashua zikapita hewani, kila moja na mwenziwe kichwa chini. Watoto walikuwa wakicheza mchezo wa kukisia ni mashua ya nani, na aliyekosea alibeba kuni za mwenziwe. Hakuna aliyeogopa. Mashua ilikuja, ikatua, wakashuka watu na samaki wao.

Angeweza kusema pale pale. Lakini alimtazama mavyaa wake, akaona kinywa chake kikifuatisha maneno ya Kificho kimya kimya, neno kwa neno. Usiku ule alihesabu siku za mwezi, na asubuhi akasema kwamba kwao kuna harusi ya mtoto wa ammi yake, na ataona fahari akifuatana na mavyaa wake.

"Mimi na bahari wapi na wapi?" alisema Bi Kazija.

"Maji ya pale ni haba, Bi mkubwa. Na Kificho atatubebea vikapu."

"Mimi?" alisema Kificho.

"Kuna pilau."

"Basi semeni mapema."

Waliondoka siku ya pili baada ya mwezi mpevu, kwani siku hizo maji hukupwa saa sita za mchana. Gari la abiria liliwashusha Wete, wakaenda kwa miguu mpaka ufukwe unaoelekea Fundo. Bahari ilikuwa imekimbia. Mchanga mtupu, madimbwi, na joto linalocheza juu yake kama moshi wa sufuria. Bi Kazija aliketi kivulini, akavua makubadhi, akalalamika juu ya gari, juu ya dereva, juu ya kuku aliyekaa pembeni yake. Halafu akatazama baharini.

Kisiwa cha Fundo kilikuwa kimeng'oka. Chini yake kilipita kipande cha mbingu, cheupe, kutoka ncha hadi ncha. Na kushoto, mbali, ilikuwa ikija mashua hewani, na mashua nyengine kichwa chini yake. Juu alionekana mtu amekaa, na juu ya mtu kitu cheusi cha duara.

"Kificho," alisema Bi Kazija kwa sauti ndogo. "Ndiyo ile?"

Kificho alikuwa ameangusha kikapu. "Wallahi ndiyo. Ndiyo yenyewe! Ila ile ilikuwa na bomba."

Mwanamize alifungua kinywa kueleza. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Ole. Lakini hakuwahi, kwani Bi Kazija alikuwa ameshainuka, ameshakunja buibui magotini, ameshaingia mchangani pekupeku, mwanamke wa miaka sitini asiyewahi kuloa maji ya chumvi, anakwenda mbio akiita:

"Silima! Silima wee! Mimi mamako!"

Hilo Mwanamize hakulipanga. Alimfuata akihema, akamshika mkono. Bi Kazija akauchomoa. Akaingia dimbwini, ukingoni mwa bahari, hadi mapajani, akasimama, mikono amenyoosha.

Na mashua ikaja. Ilivyokaribia, ile ya chini ikafupika, ikawa ukanda, ikamezwa. Ile ya juu ikashuka taratibu kama kuku anayekalia mayai, ikagusa maji. Ikawa mashua yenye kiraka tangani. Ammi Ahmada wa Fundo alikuwa kwenye usukani. Na chini ya mwavuli mweusi, juu ya magunia ya pweza wakavu, uso wa kijani kwa kichefuchefu, alikaa Pyarali, mwenye duka la Ole, aliyemwuzia Bi Kazija sukari na mafuta ya taa kwa miaka ishirini.

"Bi Kazija!" Pyarali alisema, haamini macho yake. "Umekuja kunipokea mpaka majini?"

Bi Kazija alishusha mikono.

"Pyarali. Saa ile ulikuwa juu?"

"Juu ya nini?"

"Hewani. Wewe na mashua."

"Mimi hewani? Mimi nilikuwa nikitapika, mama. Mwulize Ahmada."

"Mara nne," alisema Ahmada. "Karibuni. Mwanamize, hujambo mwanangu? Mbona mmeroa?"

Bi Kazija aligeuka akarudi ufukweni polepole, akaketi pale pale alipokuwa ameketi. Maji yalimchuruzika. Mashua ya pili ilikuwa imeshatokea nyuma, nayo inakwenda hewani, na baada yake ya tatu. Akazitazama zote mpaka zikatua, moja baada ya moja, zikatoa watu, ndoo na kelele.

"Ulijua," alimwambia Mwanamize.

"Nilijua. Tangu siku ile ya karafuu."

"Mbona hukuniambia nyumbani?"

"Ungesema namwua mume wangu kwa mdomo."

"Ningesema," alikubali Bi Kazija. Akamgeukia Kificho, aliyekuwa akiokota vitumbua mchangani kimoja kimoja. "Na wewe! Ile kofia?"

Kificho alipuliza mchanga kwenye kitumbua. "Bi Kazija, niliona kitu cheupe. Huenda kofia, huenda ndege, huenda nguo imeanikwa. Meli yenyewe niliiona, hilo nitaapa popote. Lakini ya nani? Sisi wachukuzi tulisema ndiyo ile iliyozama, kwa kuwa wenzetu walikuwa ndani. Watu wa Bukoba walisema ni meli ya vita vya Mjerumani. Wa Musoma walisema ni ya tajiri mmoja wao aliyezama na mali yake. Kila bandari na maiti zake. Mie nilipofika hapa na wewe ukaniuliza kama kaweka mkono kiunoni..."

"Ukaona nimefurahi."

"Nikaona umefurahi."

"Mwongo mkubwa we," alisema Bi Kazija, lakini bila ya nguvu. Kisha akasema, "Lete hicho kitumbua."

Harusini walikwenda, na Kificho akala pilau la watu watatu. Siku waliyorudi Wete, Bi Kazija hakukubali kupanda gari kabla ya kupita kwa Shehe. Aliingia mbele, akasimama.

"Nimekuja kuufuta ushahidi. Mwanangu amekufa ziwani."

"Umepata habari mpya?"

"Nimemwona Pyarali hewani na mwavuli wake."

Shehe alimtazama Kificho, Kificho akatazama dari. Ilibidi Mwanamize aeleze yote, kisiwa na mashua na joto la mchangani, na Shehe akacheka kidogo, kisha akaomba barua, ambayo Bi Kazija alisafiri nayo kifuani, akaisoma kwa makini, akawa hana kicheko tena. Mama hadai tena, alisema, na barua inatosha. Silima amekufa tangu siku ya dhoruba. Na eda ya mjane huhesabiwa tangu siku ya kifo, hata kama habari imechelewa. Miezi minne na siku kumi zimeshapita zamani.

"Wewe huna eda, mwanangu. Imekwisha ukiwa hujui. Uko huru tangu mwaka jana."

Mwanamize alidhani atafurahi. Badala yake ilikuwa kama mtu aliyefika mazikoni akakuta watu wanakung'uta mikono.

Bi Kazija ndiye aliyesema.

"Haiwezekani, Shehe."

"Ndiyo sharia, mama."

"Sharia sawa, sikatai. Lakini mtoto huyu hakulia. Mie nilimkataza. Mwaka na miezi miwili nimemziba mdomo kwa mkono wangu. Sasa unamwambia imekwisha, aende zake? Mpe siku zake!"

Shehe aliikunja barua.

"Eda siwezi kuirudisha," alisema mwisho. "Lakini matanga hamkukaa. Kakaeni siku tatu, someni khitma, mwombeeni. Nani atakuzuieni?"

Siku ya pili yake, baada ya sala ya adhuhuri, mikeka ilitandikwa Ole. Wanaume walikaa barazani na Mwalim Bakar akawagawia juzuu. Pyarali alituma sukari na majani ya chai, akaja mwenyewe akakaa mwishoni, kofia mkononi. Ndani wanawake walijaa mpaka uani. Bi Kazija alikaa katikati, akamvuta Mwanamize karibu yake, akamlaza kichwa pajani pake kama mtoto anayesukwa nywele.

"Haya, mwanangu," alisema. "Mlie mumeo."

Na Mwanamize akalia kwa sauti, mpaka walioko barazani wakasimamisha kusoma kidogo, wakangoja, kisha wakaendelea.