Kiti cha Hanumani

Meshack wa Sombetini alijifunza ushairi peke yake, na aliamini mtu wa aina hiyo hakai nyuma. Bibi Hansa, mwenye duka la vitambaa Levolosi, alimwalika kwake aje kughani beti zake kwenye ibada ya Kihindu ya kusimulia habari za mungu wao Rama. Mtangazaji wa redio angekuwepo kumsikia. Meshack akaingia kifua mbele. Watu wote walikuwa wamekaa mkekani, ila mbele kabisa palikuwa na kiti kitupu, kimetandikwa kitambaa chekundu, kimewekewa shada la maua.

"Angalau hawa wanajua kumpokea mgeni rasmi," akajisemea. Akaketi, akajivisha shada.

Sebule nzima ikamgeukia. Bibi Hansa akamjia mbio.

"Mwanangu, hicho ni kiti cha Hanumani, mungu mwenye umbo la nyani, mtumishi wa Rama! Habari za Rama zikisimuliwa, yeye huja kusikiliza. Tunamwachia nafasi."

"Shikamoo, bibi. Basi ngoja nimpishe."

"Kaa hapo hapo!" akasema msimulizi, Mzee Jayanti, macho yamemtoka. "Hanumani huja kwa umbo alitakalo. Nani atathubutu kumfukuza?"

"Mzee, mimi ni Mmeru, mzaliwa wa Kikwe. Mlutheri!"

"Umesikia?" mama mmoja akamnong'oneza jirani yake. "Hajakataa."

Wakamletea ndizi. Mmoja akampakatisha mtoto mwenye mafua, amponye. Mwingine akamwinamia sikioni, akamweleza habari ya mkwe wake mkorofi, kwa kirefu.

"Sasa naghani saa ngapi?" Meshack akafoka.

"Mwenye kiti hicho haghani," akajibu Mzee Jayanti. "Husikiliza tu."

Meshack akavimba kwa hasira. Simulizi ikaanza. Mke wa Rama ametekwa, amepelekwa ng'ambo ya bahari, kwenye ngome ya majitu. Hanumani amesimama ufukweni, amesahau kabisa nguvu zake, na wenzake wanamsifu ili akumbuke. Sifa zikamwingia. Akaanza kukua. Akawa mkubwa kama mlima, akakunja magoti...

"Tutaendelea kesho," akasema Mzee Jayanti. "Mshairi ashuke sasa, aghani."

Mtangazaji akawasha kinasa sauti. Meshack akasimama, akakohoa. Badala ya kughani, akamgeukia Mzee Jayanti.

"Yaani yule mama alale kule na majitu, na sisi twende zetu tukanywe chai?"

"Kaka, ghani," akasema mtangazaji. "Mimi kesho sipo."

"Beti zangu nazijua mwisho wake! Huyu je, anafika au anazama?"

"Ukirudi kitini, leo hughani tena," Bibi Hansa akamwonya.

Meshack akarudi, akaketi, akampakata tena yule mtoto. Mtangazaji akazima kinasa sauti, akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka.

"Endelea, mzee," Meshack akasema. "Mwache aruke."

Mzee Jayanti akavuta pumzi, na Hanumani akaruka.